Pima bloku kwanza: niliyowaambia vijana wa gereji, Busia

Habari zenu wote. Wazee wangu mliokaa pale mbele, mama zangu, mafundi wenzangu wa hapa Busia na nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, na nyinyi vijana mnaomaliza mafunzo leo, asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa niongee chochote kuhusu kazi yetu. Usiku nimewaza sana nikaona mambo ya biashara na kutafuta wateja mtayasikia kwa wengine, mi nataka niongee juu ya hivi vyuma viwili viko hapa mezani. Ni bloku. Hii nyeusi yenye kutu ni ya 5A, imetoka kwa Kikumi, vijana wawili wameileta wakihema. Hii nyingine nyeupe nyeupe ni ya 1NZ, ile mnaikuta kwa Spacio na Raum na Premio, kijana mmoja kaibeba peke yake kama mtu anatoka kisimani na jerikani. Injini zote mbili ukubwa ni ule ule, moja cc 1,498 na nyingine 1,497, tofauti cc moja tu, lakini ukizishika kama ni kitu kimoja utamharibia mtu gari.

Mteja akisema injini anamaanisha kila kitu anachokiona akifungua boneti. Sisi tukisema injini, kwa kweli tunasema hii. Hedi inakaa juu yake, sampu, lile beseni la oili, inafungwa chini, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala ndani kwenye meni beringi, pistoni zinapanda na kushuka kwenye haya matundu manne, maji yanazunguka ndani ya kuta zake, oili inapita kwenye vijitundu vyake mpaka ifike juu, gia boksi imefungwa nyuma yake, hata altaneta imeshikwa na bolti zake. Hedi utabadilisha, krenki utabadilisha, pistoni na ringi ndo kazi ya kila siku. Bloku ikienda, unanunua injini. Ndo maana nambari ya injini imegongwa kwenye bloku, haiko kwenye hedi wala kwenye kava, na nambari hiyo ndo iko kwenye kadi ya gari. Ukimwekea mtu injini ya mtumba kutoka Kisekka kule Kampala na usimwambie nambari imebadilika akairekebishe, siku polisi wakifungua boneti umemuacha pabaya sana, na yeye hajui hata kosa lake.

Sasa niwape hadithi ya hii ya 5A, maana ina hadithi.

Miaka mingi imepita, alikuja kwangu mwalimu mmoja wa shule ya msingi na Kikumi yake inavutwa na kamba. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa imeungua mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara tatu! Kila mara fundi, simtaji, anafungua hedi, anatoa gasketi iliyoungua, anapangusa na kitambaa, anaweka mpya, anafunga, anachukua hela. Mara ya pili walipeleka hedi ikachongwa wakasema sasa imepona. Mara ya tatu wakamwambia mwalimu gasketi za siku hizi ni feki. Mtu anafika kwangu ameshakopa mpaka SACCO, watoto wawili wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ananiambia, fundi, kama na wewe unabadilisha gasketi tu niambie sasa hivi niiuze kwa wale wa chuma chakavu. Alikuwa anaongea polepole, hana hata hasira, na mtu akifika pale pa kuchoka bila hasira ujue ameteseka.

Mi sikuwa mjanja kuliko wale wengine. Kitu nilichokuwa nacho ni hii rula ya chuma na hii fila geji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, basi. Nikasafisha uso wa bloku mpaka ukang'aa, mabaki yote ya gasketi yakatoka, nikalaza rula kwa urefu upande huu na upande ule, nikalaza kwa upana, halafu kona kwa kona, ikikata katikati. Kila mahali najaribu kupitisha jani la fila geji chini ya rula. Pembeni halipiti. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, likapita la milimita 0.05, nikaweka la 0.10 likapita, nikaweka la 0.15 likapita pia. Kitabu cha Toyota kinasema uso wa bloku hii usipinde kuzidi milimita 0.05. Karatasi moja ya daftari ya mtoto unene wake ni kama 0.1. Yaani nusu ya karatasi ndo inatosha kumaliza mshahara wa mwalimu, na mle ndani kulikuwa na karatasi moja na nusu. Hedi ilichongwa kweli, ikawa imenyooka kama kioo, halafu ikarudishwa juu ya bonde.

Kwa nini pale katikati? Kwa sababu pale moto ni mwingi, silinda mbili zimebanana, kila moja inachoma mwenzake, na hewa na maji havifiki kirahisi kama pembeni. Gari ikichemsha, uso unaanza kuharibika pale. Sasa bloku ya mwalimu tuliitoa yote, ikaenda kwa mtu mwenye mashine, ikachongwa uso kidogo sana, kidogo kwa sababu ukichonga sana pistoni inasogelea hedi mno na kompresheni inapanda, na baada ya hapo gari ilitembea miaka. Mwalimu alistaafu nayo. Juzi juzi ikagongwa vibaya kwa nyuma, bodi haifai tena, akaniita akasema fundi njoo uchukue injini uwafundishie watoto. Ndo hii hapa.

Nyinyi mnaweza kusema mzee, kwani kupima kunachukua muda gani? Dakika kumi na tano. Na ndo dakika ambazo mafundi wengi hatutaki kutoa, mteja amesimama nyuma yako anauliza bado, steji inamsubiri, wewe unataka ufunge. Nawaomba, kama kuna kitu kimoja mtakibeba leo, mbebe hizo dakika kumi na tano.

Niende kwenye jinsi hii kitu inavyotengenezwa, kwa sababu ukijua ilivyozaliwa utajua itakufia vipi. Chuma kinayeyushwa kikawa uji mwekundu kinamiminwa ndani ya kalibu la mchanga. Lakini bloku ina njia za maji ndani ya kuta, sasa utachimbaje njia ndani ya ukuta? Huchimbi. Unatengeneza umbo la mchanga uliogandishwa lenye sura ya ile njia, unaliweka ndani ya kalibu, chuma kinazunguka, kikishapoa unapiga piga na kumwaga mchanga wote, panabaki uwazi. Ule mchanga lazima ushikiliwe na baadaye utoke mahali fulani, na hapo ndo haya matundu ya mviringo ubavuni, yanazibwa na hivi vikombe vya bati. Nchi za baridi kali watu wanadhani vikombe hivi vimewekwa ili maji yakiganda vitoke vyenyewe bloku isipasuke, wamevipa hadi jina la barafu, lakini kazi yake ya asili ni kuziba matundu ya mchanga. Kwetu hapa hakuna kuganda, kwetu vinaoza. Mteja anaongeza maji kila asubuhi, huoni rejeta inavuja, huoni paipu inavuja, piga tochi nyuma ya manifoldi, kikombe kimetoboka kama jani lililoliwa na mdudu.

Zamani kabisa magari mengi silinda zilikuwa zinamiminwa moja moja au mbili mbili halafu zinafungwa na bolti juu ya kasha la krenki, kazi nyingi na mavujo mengi. Henry Ford kwenye Model T ya 1908 akamimina silinda zote nne kwa pamoja, kipande kimoja, na hedi ya kufunguliwa juu, na mpaka leo ukitazama hii ya Kikumi ni mjukuu wa wazo lile. Mwaka 1932 wakamimina hata V8 ya bei ya chini kipande kimoja.

Chuma chenyewe ni kile cha kijivu, ndani yake kina vijipande vya kaboni, ile ile nyeusi iko ndani ya penseli. Inasaidia kuteleza na inameza mtetemo, ndo maana injini za zamani zinatulia. Lakini inaweka udhaifu, chuma hiki ukikibana kinavumilia sana, ukikivuta ghafla kinapasuka. Hakipindi kama nondo. Kinapasuka.

Hapo lazima niseme la kwangu. Nilipokuwa kijana kama nyinyi, turnboy kwenye lori la mzee mmoja, lori moja tu ndo lilikuwa linalisha nyumba yake yote, tulipakia mahindi, mlima ukatushinda, likachemsha, mshale umegota mwisho. Mi nikakimbia mtoni nikaja na ndoo ya maji ya baridi nikamimina, nikiona naokoa. Nilisikia sauti, tak, moja tu, kavu. Bloku ilipasuka ubavuni kutoka njia ya maji mpaka karibu na tundu la silinda. Mzee hakunipiga, alikaa chini kwenye nyasi, akashika kichwa. Lile lori halikurudi barabarani tena kwa miezi mingi, na mi ndo nikaamua kwenda kujifunza hii kazi. Basi gari ikichemsha zima, subiri mpaka unaweza kuweka mkono kwenye paipu ya juu, hata kama ni saa nzima, hata kama abiria wanatukana. Ukilazimika kuongeza maji, washa injini iwe inazungusha na umimine polepole maji ya uvuguvugu.

Maji ndo yote. Gesi inayowaka ndani ya silinda inapita nyuzi 2,000. Chuma hiki kinayeyuka karibu na nyuzi 1,200, na aluminiamu tupu nyuzi 660. Sasa kwa nini injini haiyeyuki? Kwa sababu ya maji na oili yanayobeba ule moto kila sekunde, na ukuta wa silinda unabaki kwenye joto ambalo oili inaweza kuishi nalo. Sisi tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, maji ya wazi hapa yanachemka kwenye kama nyuzi 96, na dereva akipanda mpaka Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye 93. Kile kifuniko cha rejeta chenye springi ndo kinabana presha mpaka maji yasichemke hadi karibu 115. Mteja kifuniko chake kimekufa springi, amekifunga na nailoni, halafu anashangaa Kabale gari inatoa mvuke! Kifuniko ni spea ya bei ndogo kabisa, badilisha kabla hujagusa kitu kingine.

Na themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sijui nani alitufundisha kutoa themostati, lakini alituharibia magari mengi. Mtu anasema Uganda ni joto, themostati ya nini. Kwanza injini inakaa baridi muda mrefu, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuta zinalika haraka. Pili, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka kwa mbele inaziba njia fupi kwa nyuma, ukiitoa ile njia fupi inabaki wazi, maji yanajizungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Unatoa kitu ili gari isichemshe, kumbe ndo unaichemsha.

Kulanti pia, watu wanasema ni mambo ya nchi za barafu. Sawa, barafu hatuna, lakini kutu tunayo. Ile dawa ndani ya kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yana chumvichumvi zake, yanaacha ukoko ndani ya njia za maji, kama ule mweupe mnaouona ndani ya birika ya mama, na ukoko haupitishi moto vizuri. Kata bloku ya gari iliyokunywa maji ya kisima miaka kumi, utaona matope mekundu yamejaa kule nyuma kwenye silinda ya nne. Kama mteja kweli hana hela ya kulanti, bora maji ya mvua kuliko ya kisima, na umwambie ukweli kuwa hiyo ni ya kushikilia tu.

Haya, hii nyeupe sasa. Aluminiamu uzito wake ni kama theluthi ya chuma, gari inakuwa nyepesi, inakula petroli kidogo, inapitisha moto vizuri. Lakini ni laini, ringi zingeila, kwa hiyo wameweka ndani silivu, yaani mabomba membamba ya chuma, angalieni hapa, huu mstari wa duara. Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Zikiwa kwenye joto la kawaida zinaelewana, gari ikichemsha sana kila moja inaenda kivyake. Marekani walijaribu kuondoa silivu kabisa kwenye Chevrolet Vega, ile iliyotoka 1970, bloku ya aluminiamu yenye silikoni nyingi, pistoni inatembea moja kwa moja kwenye aluminiamu, juu wakaweka hedi ya chuma na rejeta wakaipunguza. Zilikuwa zikichemsha, bloku inajipinda, kuta zinachubuka, gari inaanza kunywa oili. Wazo lenyewe halikuwa baya, leo kuna injini nzuri za namna hiyo, ila ile haikuvumilia kuchemka.

Kwa hiyo Kikumi ikichemsha mara moja, mara nyingi hedi ndo inapinda, bloku inaweza kupona. Hii 1NZ ikichemsha, bloku na hedi vyote viko hatarini, na bolti za hedi zinaweza kung'oka na nyuzi zake kutoka kwenye aluminiamu, unafunga na toki renchi, ile spana ya kupima mkazo, unaona inazunguka tu, haikazi. Usiendelee kuzungusha! Inawekwa nyuzi mpya za springi ya chuma, na mwenye kuijua hiyo kazi atakuokoa. Na silivu hizi nyembamba hazikupangwa zichongwe kwenda saizi kubwa kama tunavyofanya kwa zile za chuma. Kikumi imelika, unachonga tundu kutoka milimita 78.70 kwenda 79.20, unaweka pistoni za saizi ya 0.50, maisha mapya. Hii, mara nyingi utamwambia mteja ukweli kwamba bora atafute bloku nyingine. Mwambie mapema. Mtu anaweza kubeba habari mbaya, asichoweza kubeba ni kulipa mara tatu kwanza.

Zikifa kabisa, hizi nyeupe zinaenda Katwe kule Kampala, wanaziyeyusha na pistoni na rimu wanamimina masufuria, na pengine wali mliokula jana ulipikwa ndani ya injini. Siwakatazi, ni kazi nzuri ile na inalisha watu. Ila bloku ambayo ingeweza kupona isiende huko kwa sababu fundi hakupima.

Kwa nyinyi wa boda, na hapa kwetu ndo neno boda boda lilipozaliwa kwa wale wa baiskeli waliokuwa wanavusha watu mpaka, injini yenu haina njia za maji, ina yale mapezi kwenye silinda, upepo ndo maji yake. Tope likikauka kati ya mapezi ni sawa na rejeta iliyoziba. Osheni pikipiki pale, siyo kupaka tu tairi ing'ae.

Kitu cha mwisho ni vumbi, na hili linaua bloku za Uganda polepole bila kelele. Vumbi letu la murram lina mchanga laini, ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Eya klina ikitoboka au ikikalia vibaya, kila pumzi ya injini inaingiza msasa. Silinda hailiki sawasawa, inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, kwa sababu presha ni kubwa na oili ni kidogo. Weka ukucha wako ndani ya silinda, uvute taratibu kwenda juu, ukikwama kwenye kingazi kidogo karibu na mdomo ujue imelika. Lakini ukucha unakuambia imelika tu, haukuambii kiasi gani. Kiasi utakipata kwa boa geji, kile kipimo cha upana wa ndani ya tundu, juu, katikati, chini, na kila mahali mara mbili, kufuata krenki na kukata krenki, maana pistoni inasukuma upande na tundu linakuwa yai. Vipimo sita kwa silinda moja, ishirini na nne kwa bloku hii. Na mkishaichonga, zile alama za kukatizana zinazoachwa na mawe ya kuhoni, yale ya kusugulia silinda mwishoni, msizisugue zikang'aa, oili inakaa mle.

Naona mwenye kipindi ananionyesha saa. Basi wazee na mama zangu chai iko tayari kule nyuma, nyinyi vijana bakini kidogo. Njooni wawili wawili, rula ile pale, fila geji hii hapa, boa geji niliiazima kwa hiyo taratibu nayo. Nimeshaipima hii ya mwalimu jana usiku, ninayo karatasi mfukoni. Kila wawili waandike vipimo vyao wasionyeshe wenzao, halafu tutaweka karatasi zote mezani tuone nani kapata nini kwenye silinda ya tatu. Mikono kavu, futeni oili kwanza. Wewe na mwenzako pale pembeni, anzeni.